Mstari wa Mtu Mmoja

Siku ya Wahangaza jikoni walipika ndizi na maharage. Siku ya Warundi walipika maharage na ndizi. Madamu Francisca, mratibu wa mradi wa umoja, alionja sahani zote mbili mbele ya wafanyakazi, akafumba macho kidogo, akasema kila kabila lina ladha yake na lazima tujifunze kuiheshimu. Limi, mpishi wa Kisukuma, aliinamia sufuria kana kwamba ameangusha kitu ndani, mabega yakimtikisika. Niragira, mpishi mwenzake, akamkanyaga mguu ili asicheke kwa sauti. Maharage yalikuwa ya gunia moja, na aliyeyapika jana na leo ni yeye Niragira.

Kituo cha shirika kilikuwa Kanazi, kando ya barabara. Wafanyakazi walikuwa Wahangaza, wenyeji wa pale, Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao, Wahaya wachache wa ofisini, na mafundi waliofuata kazi za wakimbizi kutoka kila upande. Walikuwa wakila chungu kimoja. Lakini ng'ambo ya mpaka, Burundi, watu walikuwa wamechinjana, na wakubwa wa shirika huko makao makuu waliona heri wawafundishe watu wa Kanazi kuishi pamoja, kabla na wao hawajaanza. Ndipo ukaletwa mradi.

Zamani jikoni walitaniana. Limi alimwita Niragira "Mrundi wangu," Niragira akamwita Limi "mla michembe," yaani viazi vikavu vya kwao, na aliyekosa la kujibu aliosha sufuria kubwa. Siku moja Madamu aliwasikia. Aliwaita ofisini, akawaketisha, akawaeleza kwa upole kwamba maneno hayo ni ya kibaguzi na asingependa kuyasikia tena pale kituoni. Wakarudi jikoni. Tangu siku hiyo wakawa wanaitana "mfanyakazi mwenzangu," na sufuria kubwa ikawa inaoshwa kwa zamu iliyobandikwa ukutani.

Ni kweli Niragira alizaliwa ng'ambo. Aliletwa Kanazi akiwa msichana, ng'ombe wakatolewa, akafunga ndoa kanisani na Alfonce, na kuanzia hapo alikuwa mke wa Alfonce, basi. Karibu kila ukoo wa pale ulikuwa na mwanamke wa namna hiyo. Lugha ya huku na ya kule zinakaribiana hivi kwamba mtoto wa mgongoni hawezi kujua anaimbiwa kwa ipi. Hakuna aliyewahi kumuuliza Niragira kabila lake, kwa kuwa hakuna aliyejua angelifanyia nini jibu lake.

Mwaka ule mvua ilinyesha ikapitiliza. Maharage yalioza shambani yakiwa na maua. Nyumbani kwa Alfonce, mama yake, bibi Rozina, ndiye aliyegawa chakula, na alikigawa kwa kijiko kidogo. Wasichana wawili wa Niragira walikwenda shule na uji mwepesi tumboni, wakarudi wamenyamaza.

Kwa hiyo Gidioni, balozi wa nyumba kumi, alipopita nyumba kwa nyumba na tangazo la shirika, alisikilizwa vizuri. Gidioni alikuwa mtu mwema, ila ulimi wake haukuwahi kuzitenganisha zile herufi mbili, ya kulala na ya kurudi. Alisimama uani kwa Rozina, akavua kofia, akasema:

"Jumamosi saa nne, uwanja wa shule. Kila kabila lipange mstari wake. Kuna kula."

"Kula?" Rozina akauliza.

"Kula, mama. Shirika limegharamia kila kitu."

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule na mabakuli, sahani za bati, na wengine na ndoo. Madamu Francisca alipoyaona mabakuli alifurahi sana. Alidhani ni desturi ya huku kuja kwenye mikutano na chombo cha nyumbani, akamwambia mpiga picha asiache kuyapiga.

Chini ya mabango ya makabila mistari ilipangwa. Wahangaza walikuwa wengi mno, mstari ukazunguka darasa la nne mpaka vyooni. Wasukuma nao hawakuwa haba, na Limi alikuwa mbele yao na sinia la kuanikia mihogo. Chini ya bango la Warundi hapakuwa na mtu.

Jambo hilo lilimsumbua Madamu. Alitembea kwenye mistari akitazama nyuso, mpaka akamfikia Niragira, aliyekuwa karibu na vyoo na bakuli lake la bluu. Akamshika mkono. Alimwambia kwamba jina lake ni la huko, hilo linajulikana, na hapa ni mahali salama, asione aibu na asili yake. Niragira hakuwa na aibu yoyote. Alikuwa akihesabu vichwa vilivyo mbele yake na kufikiria jinsi sufuria zinavyokwisha. Mstari ule mwingine haukuwa na mtu hata mmoja. Anayepakuliwa wa kwanza hupata nyama ya juu, na wasichana wale wawili hawakuwa wameonja nyama tangu Pasaka.

Akaenda. Watu wakacheka, mmoja akapiga kelele kwamba Niragira amejua kuchagua, atakula sufuria nzima. Naye akageuka akainua bakuli lake juu, akicheka, na hapo ndipo mpiga picha alipompiga.

Kumbe ilikuwa kura. Kila kabila lilitakiwa kuchagua mwakilishi wa kamati ya umoja. Watu walipoelewa, walinung'unika, wengine wakamtafuta Gidioni kwa macho, lakini alikuwa amejificha nyuma ya tangi la maji. Wahangaza walichagua mwalimu, Wasukuma wakamchagua Limi. Madamu alimuuliza Niragira kama anakubali kuwawakilisha Warundi wa Kanazi, akasema hajui, Madamu akaandika ndiyo. Wawakilishi wakapewa soda moja moja na fulana. Ya Niragira ilikuwa ya kijani, na kifuani imeandikwa kwa herufi kubwa: MIMI NI MRUNDI. TOFAUTI YETU NI UTAJIRI WETU.

Neno lile Limi alilokatazwa kulisema kwa mdomo, shirika lililichapisha kwa rangi.

Nyumbani Rozina alikuwa ameshasonga ugali kidogo wa kulia nyama itakayokuja. Alitazama bakuli, akamtazama mkwewe.

"Chakula kiko wapi?"

"Ilikuwa kura, mama."

"Ya kuchagua nini?"

"Ya kunichagua mimi."

Soda ile waligawana wasichana wawili. Ugali waliula na chumvi.

*

Amri ikatolewa kwamba kila Ijumaa wawakilishi wavae fulana zao kazini, wageni wakija waone. Niragira aliivaa. Ilikuwa nguo nzuri, nzito, na gauni lake la kazi lilikuwa limeisha mabegani. Alifunga kitenge chini, akaenda zake.

Ilikuwa Ijumaa vilevile walipokuja mgambo. Wiki hiyo ilikuwa imetangazwa kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wakusanywe, wapelekwe kambini Lukole, hata wale wa zamani. Watu walikuwa wakinong'ona habari hiyo visimani, kila mtu akifikiria nyumba ya mwenzake. Niragira alikuwa anatoka uani kwenda kazini. Mkuu wa mgambo hakuuliza jina. Alisoma kifua.

Gidioni alikuwa pamoja nao, maana balozi lazima awepo. Alikuwa amekula kwenye nyumba ile mara nyingi kuliko alivyokula kwake. Alitazama kofia yake.

"Wewe ndiye mwakilishi wa Warundi wa Kanazi?" mkuu akauliza.

Niragira akasema ndivyo walivyomwandika.

"Basi watu wako wako wapi? Hatutaki kubahatisha, mama, kuwasumbua raia. Wewe unawajua. Tutajie nyumba zao, na sisi tutaona namna ya kukusaidia. Una watoto, nasikia."

Wale wasichana walikuwa mlangoni, madaftari mkononi. Ng'ambo ya njia kulikuwa na nyumba ya Speciosa. Speciosa naye alitoka kule kule, alikuja mwaka uleule na Niragira, na kwenye kwaya waliimba sauti moja. Mlango wake, ambao huwa wazi tangu alfajiri, ulikuwa umefungwa. Na nyuma ya mlango huo Speciosa alikuwa amesimama ameziba mdomo kwa khanga, akisikia kila neno. Kuteremka bondeni kulikuwa na nyumba nyingine sita au saba za namna hiyo, na Niragira alizijua zote, hata majina waliyoitwa wake zao walipokuwa wasichana.

Hakugeuza macho upande ule. Aliogopa hata kugeuza macho kutaonekana ni kutaja.

"Sina watu," akasema. "Nilikuwa peke yangu kwenye mstari."

"Mwakilishi asiye na watu?"

"Muulize balozi. Alikuwepo."

Gidioni aliigeuza kofia mikononi. "Ni kweli, afande," akasema. "Kula ilikuwa moja."

Hakuna aliyecheka.

Wakamwambia achukue kitu kimoja cha kujifunika. Alfonce, aliyekuwa amekwenda kukata majani ya ng'ombe, alikuta uani mama yake amekaa chini, fimbo imeanguka pembeni, na wasichana wamesimama vilevile na madaftari.

*

Alfonce alivaa shati la kanisani, akaenda kituoni. Mlinzi wa getini alimjua, kwa sababu kwa miaka mitatu alipakuliwa chakula na mke wa Alfonce. Alimwambia asubiri nje, wageni wasio na miadi hawaingii. Alisimama kwenye jua tangu saa tatu hadi walipokula mchana, akisoma bango lililokuwa juu ya geti: HAPA KILA MTU ANAKARIBISHWA.

Madamu Francisca hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Alfonce kuliko yote. Angekuwa mbaya angejua la kumwambia. Alimwingiza ofisini, akampa kiti na maji ya chupa, machozi yakamlenga. Alisema ameumia. Alisema Niragira alikuwa mfano kwa kamati nzima.

Alfonce akamwomba jambo moja, aandike barua kwa wakubwa kwamba ule mstari ulikuwa wa kosa, kwamba mkewe alikwenda pale kwa sababu ya chakula.

"Baba," Madamu akasema, "hatukumlazimisha. Alijitambulisha mwenyewe, mbele ya watu, na shirika letu linaheshimu utambulisho wa mtu. Nikiandika kwamba si Mrundi, nitakuwa ninamfuta."

"Sikuomba umfute. Andika tu kwamba ni mke wangu."

"Hilo si kabila, baba."

Alfonce alitia mkono mfukoni. Mlikuwa na cheti cha ndoa, kimekunjwa mara nne, na kabla ya kuja hapa alikuwa amekipeleka kwa maofisa wa ile operesheni ya kukusanya watu. Huko waliambiana kwa kucheka kwamba padri hatoi uraia. Alikuwa amekishika kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuungua.

Madamu alimfariji kwamba hata Lukole wana mradi huu huu wa umoja, naye atazungumza na wenzake wampokee Niragira vizuri. Akamsindikiza mpaka mlangoni. Pale mlangoni akakumbuka kitu, akaona haya kukisema, lakini akakisema: ile aproni ya jikoni, tafadhali, ni mali ya kituo, iletwe kabla ya Jumatatu ili mpishi mwingine aitumie.

Alfonce aliileta kesho yake, imefuliwa na kupigwa pasi. Rozina ndiye aliyeipiga pasi. Alisema hataki kusikia baadaye kwamba nyumba yao ilibaki na kitambaa cha mtu.

*

Lori liliwapakia kwenye uwanja uleule wa shule. Mabango ya makabila yalikuwa yameshaondolewa, vijiti vyake vimebaki vimesimama. Walioletwa kutoka vijiji vingine walikuwa kama thelathini, wengi wao wazee, wengine wakiongea Kihangaza tu. Kutoka Kanazi alikuwa mmoja.

Rozina alikuja kwa miguu na fimbo yake, amebeba lile bakuli la bluu, ndani yake ndizi za kuchemsha. Ofisa kijana alimsalimu shikamoo, akamwambia kwa heshima arudi nyumbani, yeye ni raia, hana neno. Rozina akaitikia marahaba. Kisha akamuuliza huyu mwanamke amefanya nini.

"Hakufanya kitu, bibi. Ni Mrundi."

"Nani amekuambia?"

"Amesema mwenyewe. Hata fulana anayo."

"Mume wangu alilala kitandani miezi minane," Rozina akasema. "Hawezi kugeuka. Huyu ndiye aliyekuwa akimwosha. Wanangu walisimama nje wanaona kinyaa. Siku hiyo ungekuja na lori lako kuuliza kabila la anayemwosha baba mkwe wake, ningekujibu."

Kijana alitazama pembeni. Alisema yeye ni mtumwa wa amri. Rozina akasema Pilato naye alinawa mikono, na maji yake hayajakauka hadi leo. Akampita, akampandishia Niragira bakuli kwenye lori.

Watu wengi wa Kanazi walikuwa na kazi nyingi siku hiyo. Wengine waliugua, wengine walikwenda kulima shamba la mbali ambalo hawakuligusa mwaka mzima. Jumuiya iliyokesha na Niragira kwenye misiba yote, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiisongea ugali, haikumtuma hata mtu mmoja wa kumuaga. Na hao aliowaficha kwa ulimi wake ndio waliokuwa mbali zaidi. Woga wao unaeleweka. Mungu anauelewa pia, lakini sidhani kama anaupenda.

Aliyekuja ni Limi. Alitoka jikoni na unga mikononi, amevaa ile fulana yake ya kamati kichwani kama kilemba, maandishi yamegeukia ndani. Alisimama chini ya lori, akainua uso, akasema kwa sauti ya kila siku:

"Mrundi wangu. Utarudi. Zamu ya sufuria kubwa ni yako."

Niragira aliinama kwenye ukingo wa lori.

"Ioshe wewe, mla michembe," akasema.

Hapo ndipo Rozina alipolia.

*

Alfonce hupanda baiskeli hadi Lukole anapopata ruhusa. Mara ya kwanza alimkuta mkewe kwenye hema la mwisho wa mstari, peke yake. Kule ndani wanawake walimwita Mtanzania. Walisema Kirundi chake kimeoza, kina maneno ya bibi zao na ya wenyeji, na wengine walidhani ametumwa kuwasikiliza. Wanapoteka maji humwachia nafasi kubwa mbele na nyuma.

Mradi wa umoja nao ulimfikia, kama Madamu alivyoahidi. Kambini walikuwa na Warundi wa kutosha. Walichokosa ni Mhangaza. Dada mmoja wa mradi alimfuata na fulana ya njano mkononi, akamwambia kwamba ameishi Kanazi muda mrefu, ni kama mwenyeji, asione aibu, asimame kwenye mstari wa wenyeji, na atakayechaguliwa atapata kazi ya jikoni.

"Nikamuuliza kwanza," Niragira alimsimulia mumewe, "ni kura au ni kula?"

Alfonce alicheka. Naye akacheka. Kisha wakaacha wote wawili kwa wakati mmoja.

"Ukasimama?"

"Nilikaa chini. Akaniambia mwakilishi hakai chini. Nikamwambia simwakilishi mtu. Nilipokuwa nyumbani nilikuwa mke wako na mama yao, na hapo hapakuwa na mstari."

Kazi ya jikoni alipewa mwingine. Alfonce alirudi na salamu kwa wasichana wao, na bakuli la bluu halikurudi, kwa sababu ndilo Niragira alilokuwa akilia chakula.

Mwezi wa kumi na mbili Gidioni alipita nyumba kwa nyumba na kalenda za shirika, zawadi ya bure kwa kila kaya ya Kanazi. Alimpa Alfonce ya kwake, akaondoka haraka. Zilikuwa kalenda nzuri, karatasi nzito ya kung'aa, kila mwezi na picha yake. Kwa Speciosa waliitundika sebuleni. Ilipofika mwezi wa nane wakaiacha kwenye wa saba.

Kwa Alfonce mwezi wa nane ulifunguliwa tangu siku ya kwanza, na haukufunikwa tena. Niragira yuko mbele ya bango, ameinua bakuli lake juu, anacheka mpaka magego yanaonekana. Chini imeandikwa: Niragira, Mrundi wa Kanazi. Umoja wetu, fahari yetu. Nyumba ile haikuwa na picha yake nyingine. Siku ya harusi hawakuweza kumlipa mpiga picha.

Rozina, ambaye hasomi, alimwomba mjukuu wake mkubwa amsomee. Msichana akasoma. Rozina akamwita Alfonce, akamwambia alete kisu.

"Kata hayo maneno," akasema. "Mwache yeye."

Alfonce akakata taratibu, akifuata chini ya vidole vya miguu, karatasi ikaanguka chini kama ganda. Rozina akaisukuma kwa fimbo mpaka kwenye majivu. Kisha akasogea karibu na ukuta, macho yake mabovu yakikaribia kugusa picha, akaitazama kwa muda.

"Wote walikuwa pale," akasema. "Madamu, mwalimu, mwenye kamera. Mwanamke amewainulia bakuli tupu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anataka nini."